Boneti Usiiguse

Glenelg, Machi 4, 2011

Mpendwa Rosalba,

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu masikio yangu yamestaafu kabla yangu. Nikipigiwa simu nasikia nyuki ndani ya kopo, basi.

Natumaini hujanisahau. Mimi ni Mwalimu Tregenza niliyekufundisha hesabu kule Moonta, ulipokuwa umefika kutoka Italia umevaa suruali za kaka yako. Siku hizi nakaa katika nyumba ya wazee karibu na bahari, nasikia ni nzuri, mimi naona dirisha lake tu. Watu wa nyumbani wananiambia kwamba karakana yako ya Wallaroo ndiko watu wanakopeleka magari yao rangi ikichoka, hata wa kutoka Adelaide. Sikushangaa. Ulikuwa mtoto wa kurudia kitu mpaka kiwe sawa.

Jumamosi ijayo Lyndon, mtoto wa kaka yangu, atakuletea Holden yetu nyeusi. Imekaa bandani muda mrefu. Mei kuna gwaride la magari ya zamani kule Moonta na ningependa ipite barabara ya George ikiwa na heshima yake. Daktari ameniambia nisipange mambo ya mbali. Nikamwambia Mei si mbali. Akatazama viatu vyake.

Ifanyie yote unayojua. Paa, milango, madigadi, buti. Ila boneti usiiguse. Ioshe kwa maji, basi. Usiipige mashine, usiipake dawa yoyote ya kukata rangi. Sababu nitakupa nikipata nguvu.

Mele, muuguzi wangu, ni Mtonga wa visiwa vya Pasifiki, ameinama begani kwangu anauliza, "Bibi, bidii yote hii unamwandikia nani, mchumba?" Nimemwambia fundi wa magari. Anasema hao ndio wachumba wabaya kuliko wote.

Wako,
Morwenna Tregenza


Wallaroo, Machi 14, 2011

Shikamoo, Mwalimu.

Nitakusahau vipi? Mpaka leo nikichanganya maji na sabuni ya gari nakusikia nyuma yangu: "Onyesha njia, Minervini, si jibu tu."

Holden imefika. Nimeimwagia maji kwanza bila kuigusa, kwa muda mrefu, mpaka vumbi lote linaloweza kuondoka lenyewe likaondoka. Halafu nikaiosha kivulini kwa glavu ya sufu, kutoka juu kwenda chini, ndoo moja ya sabuni na nyingine ya kusuuzia glavu, ili mchanga niliouondoa usirudi tena kwenye rangi. Halafu nikapitisha udongo wa kunata, ule unaoondoa vijipunje vilivyojishika. Sasa rangi ni laini kama kioo. Rangi yenyewe ni ya zamani, haina tabaka la kioo juu yake, kwa hiyo ukiisugua, weusi wenyewe unahamia kwenye sponji. Kila unapoing'arisha unaila kidogo. Nina kifaa cha kupima unene wake. Milango iko vizuri. Boneti ni nyembamba, lakini inaweza kuvumilia mkono mwepesi mara moja.

Nilipoitoa nje juani niliona utando wa buibui kila mahali, ile mikwaruzo myembamba inayoonekana juani tu. Huo nitauondoa. Lakini boneti, Mwalimu! Nimeona magari yaliyopitishwa kwenye mashine za brashi mwaka mzima, hayakufikia hali hii. Aliyeiosha hakujua anachofanya. Asamehewe, lakini hakujua.

Nakuomba uniruhusu. Gwaride zima linajua mikono yangu. Gari ling'ae kote halafu boneti ionekane kama sufuria la kambini? Merv wa kituo cha petroli atanitania mpaka Krismasi. Unamkumbuka Merv. Mdomo ule haujazeeka.

Mwanafunzi wako,
Rosalba Minervini


Glenelg, Machi 25, 2011

Rosalba,

Marahaba. Barua yako ni nzuri kuliko insha zako zote, na imenikasirisha kidogo. Mele anasema hasira imenirudishia rangi ya mashavu bila mashine.

Usimseme vibaya aliyeiosha boneti ile.

Unajua wiki ya msiba ilivyo kwetu. Mume wangu Clem alifariki Jumanne moja ya Agosti 1974, ghafla, mkono ukiwa kwenye lango. Kufikia kesho yake jikoni hapakuwa na pa kuweka kikombe. Mabakuli ya oveni yalijaa kila mahali, nyama na viazi, kuku na wali, pasti za unga na nyama zimefunikwa taulo, na chini ya kila bakuli kipande cha utepe wa karatasi chenye jina la mwenyewe, ili likishaoshwa lirudi kwake. Watu wema. Sikatai. Lakini kila bakuli lilibisha mlango, na kila aliyebisha ilibidi afunguliwe, asikilizwe akisema angalau Clem hakuteseka, na kuambiwa asante. Sikuweza kumeza kitu. Nilikuwa nayapindua tu nisome majina. Nankivell. Trevorrow. Bi. Pascoe mara mbili. Niliona mlima wa asante nitakazopaswa kuzipeleka nyumba kwa nyumba, nami sikuwa na nguvu hata ya kuchana nywele.

Asubuhi ya mazishi gari lilikuwa limeoshwa. Lilikuwa jeupe kwa vumbi la chokaa la barabara yetu, likawa jeusi tena, linachuruzika maji. Hakuna aliyebisha. Hakuna utepe. Wiki ile yote kilikuwa kitu pekee nilichopewa bila kutakiwa kufungua mlango.

Mikwaruzo tuliiona baadaye, jua lilipotoka. Mafundi kadhaa wamejitolea kuiondoa. Nimewakatalia wote, na sasa nakukatalia wewe. Mtu yule hakuacha jina, kwa hiyo bakuli lake bado liko kwangu. Boneti ndiyo bakuli. Usilikwangue.

Morwenna Tregenza


Wallaroo, Aprili 11, 2011

Shikamoo, Mwalimu.

Samahani kwa kuchelewa. Nilianza barua mbili nikazichana.

Milango imekwisha, paa na buti pia. Kila sehemu nilijaribu kwanza mahali padogo, kwa sponji laini kabisa na dawa nyepesi kabisa, maana ukianza na kali huwezi kurudisha ulichokula. Halafu nafuta kwa spiriti, kwa sababu mafuta ya dawa huficha mikwaruzo, ukadhani umeiondoa kumbe umeifunika tu. Nimechukia sana watu wa kufunika. Sasa ukisimama karibu na mlango wa dereva unaiona sura yako na mawingu yaliyo nyuma yako.

Jambo moja litakufurahisha wewe mtu wa hesabu. Watu hudhani mikwaruzo hii imechorwa kwa miduara. Siyo. Imekwenda ovyo kila upande, kama nywele kwenye sakafu ya kinyozi. Ila inayokingamana na mwanga ndiyo inayowaka, basi jua linajichorea duara lake lenyewe. Ukisogea hatua moja, duara linasogea nawe. Nimelitazama duara la boneti yako siku nyingi. Najikuta nimesimama tu pale, chai imepoa.

Mwalimu, nisikilize. Umesema alitenda wema. Labda. Lakini kama mtu huyo yu hai, unadhani anafurahi kosa lake litembee barabarani? Labda kila gari lako lilipopita alikuwa anaingia dukani kununua kitu asichokihitaji. Labda angetoa chochote lifutwe. Mimi nadhani shukrani ya kweli kwake ni kumfutia.

Boneti nitaianza Jumatatu, Mei 2, ili iwahi gwaride. Kama hutaki kabisa, niandikie kabla ya hapo. Usiponiandikia, ukimya wako nitauhesabu kuwa ndiyo. Usinikasirikie.

Rosalba


Adelaide, Aprili 27, 2011

Mkono ni wa Mele, maneno ni ya Bibi. Yuko hospitali tangu katikati ya mwezi, mapafu yamejaa maji. Barua yako ilikaa kwenye droo ya chumba chake mpaka jana nilipoikuta. Amenikataza nisikuandikie habari ya mapafu. Nimeandika.

Rosalba,

Nilikuona.

Nimekuandikia kwamba aliyeiosha hakuacha jina, na hilo ni kweli, lakini nilikufanya udhani simjui. Nilikuwa jikoni nyuma ya pazia, nimevaa gauni la tangu juzi. Ulikuja na ndoo ya bluu yenye maji na kipande cha gunia la shayiri, bila shaka la baba yako kutoka maghalani. Mpira wa maji ulikuwa ukutani. Hukuufungua. Bomba lile lilikuwa likipiga mayowe kila likifunguliwa, nawe hukutaka kuniamsha. Kwa hiyo ukaanza na boneti, ukafuta vumbi lote likiwa halijalainika, kwa gunia.

Nilisikia, Rosalba. Masikio yalikuwa mazima wakati ule. Nilikuwa mke wa mtu aliyekosa usingizi paka akipita juu ya boneti. Nilijua vizuri sana mlio ule ni wa nini. Nilishika komeo la dirisha, na neno lilikuwa tayari mdomoni: "Minervini, acha!"

Ndipo ukapiga magoti mbele ya gari. Ukalowesha kidole kwa mate ukaanza kusafisha namba, herufi moja baada ya nyingine, ulimi umetoka pembeni kama ulivyokuwa ukifanya ukigawanya tarakimu ndefu. Nikaliachia komeo. Nikaketi. Nikavuta bakuli lililokuwa karibu, sikusoma la nani, nikala kwa kijiko cha kupakulia, nikisikiliza boneti ya Clem ikiharibika. Nilikuwa sijala tangu Jumanne. Nilimaliza nusu ya bakuli. Ulipokuwa ukisugua nilikuwa nakula, uliponyamaza kukamua gunia nikasimamisha kijiko, ulipoanza tena nikaendelea.

Sikukuzuia kwa sababu sikutaka uache.

Kisha pale kanisani Merv akasema kwa sauti, "Hili gari kaliosha nani, kwa tofali?" Wanaume wakacheka, kicheko kile cha mazishini cha kutafuta pumzi. Nikakuona unapotea nyuma ya ukuta. Tangu siku ile ningekushukuru vipi? Ningesema asante, ungejua kwamba nimejua, na aibu ingekula wema wote. Nikasema, akikua. Ukakua. Nikasema, nikistaafu. Nikastaafu. Kuna shukrani mtu huichelewesha mpaka inageuka siri, na siri mtu huzoea kuibeba, hata inampendeza. Nilikuwa nikienda bandani asubuhi nafungua mlango jua liingie kwenye boneti. Hiyo ndiyo ilikuwa asante yangu. Hukuisikia hata mara moja.

Sasa isikie. Asante kwa ndoo. Asante kwa gunia. Asante kwa mate yako kwenye namba ya gari. Asante kwamba hukubisha mlango.

Kama umeshaifuta, asante hii ni yako vilevile, haikuwa imeandikwa kwenye rangi. Lakini kama hujaifuta

Mele hapa tena. Amesinzia. Nadhani umeelewa. Naituma kwa posta ya haraka.


Wallaroo, Mei 2, 2011

Mwalimu,

Barua ya mkono wa Mele imefika.

Mashine nimeizima.

Rosalba


Wallaroo, Mei 16, 2011

Shikamoo, Mwalimu wangu.

Lyndon ananiambia umerudi chumbani kwako na kwamba umemgombeza mtu wa chakula kuhusu supu. Nimelia kwa furaha ya supu hiyo.

Nianze na kosa langu jipya. Jumatatu ile, Mei 2, nilikuwa nimeamka mapema. Barua ilipofika nilikuwa nimekwisha kupitisha mashine mahali pamoja, ukubwa wa kiganja, pembeni karibu na kioo cha mbele. Hapo panang'aa kama maji kisimani. Sikupakwaruza tena ili pafanane. Nimepaacha. Utapaona.

Sasa njia, maana jibu unalo. Baba aliporudi na habari za Mzee Clem, Mama alitaka kukuletea makaroni yake ya kuoka. Alipika, akalifunika bakuli, akafika mlangoni, akarudi. Akasema, "Watatucheka. Watasema tumewapelekea minyoo." Tulikuwa wageni bado, Mwalimu, hata kitunguu saumu tulikila madirisha yakiwa yamefungwa. Nikamwambia, "Lakini Mwalimu hunibakisha darasani kila siku kunifundisha bila kudai kitu." Akaniambia, "Basi nenda ukamfanyie kitu kisicholiwa."

Nikaja. Nilidhani nimefanya vizuri. Nilirudi nyumbani nikinuka shayiri, nimefurahi. Kisha Merv na tofali lake.

Hujawahi kuniuliza kwa nini mtoto uliyemtabiria ualimu alikwenda kuomba kazi kwa fundi bodi wa Kadina. Siku ya kwanza yule mzee aliniuliza, "Unataka kujifunza nini, binti, kunyoosha au kupaka?" Nikasema nataka kujua jinsi ya kuondoa mikwaruzo kwenye gari jeusi. Akasema, "Lako?" Nikasema la mtu. Nilijifunza kazi hii kwa ajili ya gari moja. Nilipanga nije siku moja ukiwa kanisani niifute, uamke kesho yake ukute kama haikutokea. Nilipojua kazi vya kutosha ulikuwa umeshalifungia gari bandani. Kwa hiyo nikafuta mikwaruzo ya watu wengine. Kila gari jeusi lililoletwa hapa lilikuwa lako kidogo. Nimekula vizuri kwa kazi hii, nimejenga, nimewatunza wazazi wangu mpaka uzeeni. Sikuwahi kufikiri kwamba ni wewe wa kushukuriwa. Nilifikiri ni wewe wa kuombwa radhi. Asante, Mwalimu. Asante kwa kuliachia komeo.

Sasa gwaride. Lyndon aliniambia niendeshe mimi, eti yeye huona haya watu wakimpungia. Jua lilikuwa kali, anga halina hata wingu la kunisitiri. Barabara ya George imejaa watu na pasti zao. Milango inawaka, watu wananyoosha vidole, halafu boneti inafika na ninaona nyuso zinabadilika. Kweli nilitamani kuingia dukani.

Mbele ya jengo la posta gwaride likasimama, na nani ameketi pale kwenye kiti cha kukunja, blanketi magotini? Merv.

"We Rosa!" anapiga kelele, barabara nzima inasikia. "Boneti umeisahau, au sabuni ilikuishia?"

Nikateremsha kioo. "Hiyo niliifanya kwanza, Merv! Nilikuwa na miaka kumi na minne!"

Akainuka kwenye kiti, na unajua magoti yake, akaja mpaka kwenye gari akaweka mkono juu ya boneti. "Lile tofali lilikuwa wewe?"

"Lilikuwa mimi."

"Miaka yote hii nilidhani ni Clem mwenyewe kaiosha kabla hajafa, akiwa amelewa, nikawa namwonea huruma." Akatazama tena. "Mke wa Clem anajua?"

"Alijua tangu mwanzo."

Akavua kofia, Mwalimu. Mimi niliyemfahamu tangu utotoni sikujua kwamba anaweza. Magari ya nyuma yakaanza kupiga honi, akageuka akayatukana, basi tukajua ni yeye.

Nilipoirudisha karakana nilikata kipande cha utepe wa karatasi, ule tunaobandika pembeni ili mashine isile rangi ya kingo. Nikaandika jina langu kwa kalamu nene. Nikafungua boneti nikalibandika chini yake, kwa ndani, mahali ambapo kwenye bakuli lingekaa. Nimechelewa, lakini nimeandika.

Lyndon anakuletea picha. Anauliza pia aje kulichukua gari lini. Nimemwambia nasubiri neno lako.

Nakupenda, kama mwanafunzi anaruhusiwa,
Rosalba


Glenelg, Mei 21, 2011

Rosalba mwanangu,

Anaruhusiwa.

Mele anaandika, mimi nitatia sahihi, usiicheke.

Picha zimefika. Amenishikia ya kwanza karibu na dirisha. Jua lilikuwa nyuma ya Lyndon alipopiga, na duara limekaa katikati ya boneti, kubwa, limetulia, utadhani sahani iliyowekwa mezani. Nimemweleza Mele kwamba mikwaruzo yenyewe haina mpango wowote, ni mwanga tu unaochagua ya kuwaka. Akasema, "Bibi, pumzika." Hakuwa na somo la hesabu, maskini. Kisha nikapaona pale pembeni, pa kiganja. Umefanya vyema kutopakwaruza. Panaonyesha ungeweza, hukutaka.

Picha ya pili ni ya utepe. R. Minervini. Mwandiko bado mbaya, na R imelala kama ng'ombe aliyechoka. Nimemwambia Mele aibandike ukutani mbele ya kitanda, chini kidogo, macho yangu yanapofika bila kuinua kichwa.

Usiku huwa sisemi na mtu, lakini mchana nimesema mengi na Lyndon, kwa karatasi, yeye akiandika na mimi nikijibu. Unaijua desturi ya Moonta. Chombo kikishaoshwa, unakipindua, unasoma jina, unakirudisha. Miaka yote nilijiambia kwamba hiki hakina jina. Sasa nimelisoma. Lyndon ana pikapu mbili na hana banda. Ameniandikia: "Shangazi, ungeniambia kabla sijalipia bima." Akacheka mpaka akanichekesha, tukakohoa wote wawili, halafu akatia sahihi panapotakiwa kwenye karatasi za gari.

Mwisho wa mwaka vumbi la chokaa likiwa limelikalia gari, fungua bomba, liache lipige mayowe. Hakuna wa kuamka.

Funguo usimrudishie.

Mwalimu wako,
Morwenna Tregenza